Annecy: wiki nzima ya katuni, sijutii ila mfuko ndo unajua

Wale mlioniuliza kama Annecy inalipa, inalipa aisee, ila ngoja niwaambie vizuri maana mimi mwenyewe nilienda nikidhani nafuata filamu, kumbe nusu ya raha ni kelele za ukumbini.

Kwa asiyejua, Annecy ni mji mdogo uko Ufaransa kando ya ziwa, milima imeuzunguka, na kila mwezi wa sita wanafanya tamasha la kimataifa la filamu za katuni. Lilianza 1960, zamani walikuwa wanaruka mwaka, toka 1998 ni kila mwaka. Mimi nilienda 2024, nikashuka Geneva nikapanda basi, saa moja na ushee nikawa nimefika.

Sasa tuje kwenye kelele. Sinema za huku Ulaya nilizoea watu wametulia kama wako msibani, ukitafuna bisi unageukiwa. Nimeingia ukumbi mkubwa wa Bonlieu, filamu bado haijaanza, naona ndege za karatasi zinashuka kutoka viti vya juu, moja, kumi, mpaka huhesabu tena, watu wazima na mvi zao wanakunja karatasi wanarusha, shabaha ni ifike jukwaani, na ikifika ukumbi unalipuka utadhani Simba kafunga dakika ya 90. Taa zikizimwa watu wanaanza kufyatua midomo po, po, po kama samaki. Halafu sungura akitokea kwenye skrini, hata awe kapicha kadogo tu ukutani, ukumbi mzima unapiga ukelele LAPIN! ndo sungura kwa Kifaransa hiyo. Siku ya kwanza nilidhani kuna watu wanagombana. Siku ya tatu mimi ndo niliyemwona wa kwanza, nikapiga kelele mpaka dada wa pembeni akanipa tano.

Yaani kibanda umiza kabisa, vile vibanda vyetu vya video vya mtaani! Mnakumbuka tunabanana kwenye mabenchi, Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, anaunguruma kwenye spika, starringi akiamka watu wote juu? Sikutegemea kuikuta ile raha Ufaransa, kwenye viti vya kukunja.

Filamu zenyewe, ukienda na akili ya kwamba katuni ni za watoto utaaibika. Nimeangalia Memoir of a Snail ya Adam Elliot wa Australia, vinyago vya udongo vinasogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha, na bado jamaa wa mbele yangu alikuwa anajifuta macho kwa fulana. Ndo ilibeba Cristal, zawadi kubwa ya filamu ndefu. Ila moyo wangu niliuacha kwa Flow ya yule kijana wa Latvia, Gints Zilbalodis. Paka mmoja, mafuriko, mashua, hakuna binadamu na hakuna neno hata moja linalosemwa, kwa hiyo mimi ambaye Kifaransa changu kinaishia bonjour nilikuwa sawa na kila mtu mle ndani. Na mle kwenye mashua kuna ndege karani, yule yule wa Serengeti mwenye miguu mirefu na manyoya kisogoni, nikajikuta naguna kwa sauti. Ilitoka na zawadi nne pale, mwaka uliofuata ikachukua Oscar, na imetengenezwa kwa Blender, programu ya bure ambayo hata wewe unaweza kuipakua leo usiku. Vijana wetu wa animesheni hapo hatuna kisingizio tena, labda umeme.

Usipobuku mapema utaumia. Filamu inayosemwa sana nafasi zinaisha chapchap, mimi nililala nikakosa mbili, kosa langu. Nyingine nilisimama foleni ya wasio na nafasi nikaingia dakika za mwisho kabisa, jasho linanitoka. Chumba nacho msiniulize, nilikopata bei ilikuwa ya hoteli na kitanda cha bweni, mlango haufungi mpaka uuinue kwa goti. Bora kulala mji wa jirani uje na treni.

Kama huna hela kabisa, usiku nenda Pâquier, ni uwanja wa majani kando ya ziwa, wanaweka skrini kubwa na filamu ni bure. Jua mwezi wa sita linachelewa sana kuzama kwa hiyo mpaka kama saa nne usiku ndo inaanza, watu wana mablanketi, mikate na jibini, watoto wanakimbizana. Beba sweta, ule upepo wa ziwani si wa Dar.

Kitu cha mwisho kwa mtakaoenda: bebeni karatasi nzuri za A4. Mimi nilikunja risiti ya basi, ikaenda mita mbili ikamwangukia mzee mmoja kichwani, akaiokota, akaikunja upya vizuri, akairusha yeye. Nayo haikufika.