TAHADHARI: Nondo za "12" ambazo sio 12, pimeni kwa kilo kabla hamjasaini

Wakuu habari za jioni, naandika nikiwa bado na hasira kwa hiyo mnisamehe mpangilio.

Najenga huku Chanika, nyumba ya chini tu ila baraza la mbele lina slabu na nguzo sita, fundi akaniandikia nondo 80 za milimita 12 ukiacha za ringi. Nikazunguka kuulizia bei mpaka nikapata duka moja, jina silitaji sitaki kesi, wanauza kila nondo buku tatu chini ya wengine wote. Piga hesabu, 80 mara buku tatu ni laki mbili na arobaini, mtu unajenga kwa kudunduliza unaiachaje hiyo? Jamaa mchangamfu balaa, "kaka yangu" haimtoki mdomoni, akanitolea nondo moja pale mlangoni nikaipima mwenyewe kwa venia, kile kifaa cha kubana na kupima unene, 12 kamili. Nikalipa kwa lipa namba, jina lililotokea la mtu mwingine kabisa, eti ni la shemeji yake. Risiti ya EFD, ile ya kodi, eti mashine mbovu, nikaandikiwa ya mkono. Nikisimulia saa hii najiona fala kweli.

Mzigo ukafika saa mbili usiku kwenye kenta, nondo zimekunjwa katikati kama kawaida na zimefungwa mafungu manne, tukahesabu kwa tochi ya simu, 80 zimetimia, nikasaini.

Siku mbili za kwanza fundi anasuka nguzo wala hana neno. Siku ya tatu ananiita, "bosi hebu njoo ushike hii". Anasema hii inakunjika kama waya wa kuanikia nguo. Nikashika, mistari yake imelala, ukipitisha kidole huisikii vizuri, na haina alama yoyote, wakati zile alizozitumia juzi zina maandishi ya kiwanda na saizi yamechomoza kwenye chuma chenyewe. Kuleta venia, 10 na nusu. Tukanyoosha moja tukavuta futi, mita 11 badala ya 12, sa nondo ikiwa imekunjwa nani anajua urefu wake? Kumbe kila fungu wameweka nzima kwa nje, za ndani ndo hizo. Nzima zilikuwa 18, mbovu 62.

Jirani kuna vijana wa chuma chakavu, nikaazima mizani yao. Nondo ya 12 yenye mita 12 inatakiwa icheze kwenye kilo 10.6, ile yangu ikasoma 7 na nusu. Yaani nimepunguziwa buku tatu nikaibiwa kilo tatu za chuma kwenye kila nondo!

Na msiseme milimita moja na nusu ni kitu kidogo, mimi pia nilidhani hivyo mpaka fundi aliponichorea kwenye mfuko wa simenti. Kutoka 12 kushuka 10 na nusu, ukikata ukaangalia ule uso wake, chuma kimepungua karibu robo. Na zege lenyewe linaweza kubeba likikandamizwa, ila likivutwa linapasuka, kazi ya kuvutwa ni ya nondo, ndo maana kwenye bimu za chini ndo zinazobeba shughuli. Mama watoto kusikia hivyo akaanza ya lile ghorofa lililoporomoka mtaa wa Indira Gandhi hapa Dar 2013 likaua watu 36. Nikamwambia sijui kama ile ilikuwa nondo, akasema hataki kujua, baraza halimwagwi zege mpaka aone mizani kwa macho yake.

Kwa hiyo ukinunua nenda na mizani, hata ya kuazima. Hesabu yake ni rahisi: unene kwa milimita zidisha kwa wenyewe, gawa kwa 162, hiyo ni kilo kwa mita moja, halafu zidisha kwa mita 12 za nondo nzima. Nondo nzima ya 8 inakuja kama kilo 4.7, ya 10 kama 7.4, ya 16 karibu 19. Ikipungua gramu mia mbili mia tatu hiyo kawaida, ikipungua kilo ondoka. Na chomoa ya katikati ya fungu, sio anayokupa yeye, na mzigo ushushwe mchana.

Nilimpigia jamaa, "kaka yangu" imeisha, sasa ni "ulisaini mwenyewe, nondo ikishatoka hairudi", halafu akaniblok. Vipande viwili na ile risiti nimevihifadhi, Jumatatu napeleka TBS, shirika la viwango.

Kuna mtu wa mtaa wa pili anataka kuzinunua zote 62 anyanyulie lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, nimemkatalia. Wale vijana wa chakavu watabeba kwa bei ya kilo, ukitoa saba ambazo fundi kaniomba za banda la kuku.