Pamba ya mawe na pamba ya kioo: leo tunazichoma

Haya, karibuni tena, na leo sianzi na maneno, naanza na moto. Hizi ni pamba za kuzuia joto, za kuweka darini na ukutani. Mkono huu wa kushoto umeshika kipande cha pamba ya mawe, unene milimita 50. Mbele nawasha kichomeo cha gesi. Sogeza kamera! Moshi huo ni gundi inayoshikanisha nyuzi, inaungua, sasa panakuwa pekundu kama kaa... na kiganja changu huku nyuma hakisikii kitu. Nazima. Doa limebaki jeupe, lakini halijatoboka.

Sasa pamba ya kioo, moto uleule. Moja, mbili... ona inavyonywea! Tundu hilo, na pembeni kuna vitone vya kioo kilichoyeyuka. Haijawaka, hapo niiseme kwa haki, maana zote mbili haziwaki. Ila kioo hulainika kwenye nyuzijoto 600 hadi 700 hivi, na pamba ya mawe, ambayo ni basalti, jiwe la volkano, iliyoyeyushwa kwenye tanuru, inavuka 1,000 bado imesimama. Karibu na bomba la moshi sitaki kusikia kingine.

Kuzuia joto zinakaribiana mno, hapo sipotezi muda. Ipo pia ya tatu, inayotoka kwenye takataka za tanuru la chuma, tabia zake ni za ndugu yake wa mawe. Na mnaoniuliza kila siku kuhusu povu la polistirini, lile povu la plastiki: ni jepesi, maji haliyaogopi, lakini povu linawaka. Video yake inakuja Ijumaa, kengele muiwashe.

Haya, bei. Pamba ya kioo kwa kawaida ni nafuu, kwa sababu inabanwa ikawa robota dogo, lori moja linabeba nyingi, ukilifungua linafura. Tena nyepesi. Nilianza nikiwa upande wa mawe tu, lakini kwa dari kubwa, kusema kweli, ningenunua ya kioo.

Kinachoniudhi ni fundi anayeishindilia! Nafasi ya sentimita 5, anasukumia pamba ya sentimita 10, anasema imejaa vizuri. Jamani, kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa humo ndani. Ukiibana, hewa hiyo umeitoa, na nusu ya hela yako imeenda bure. Kata kwa kisu cha mkate, zidisha sentimita moja tu ili ijishike yenyewe, basi.

Ngozi itakuwasha, kwa hiyo mikono mirefu, glavu, miwani, barakoa. Kuhusu saratani, mwaka 2002 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliziondoa pamba hizi kwenye orodha ya vinavyoshukiwa ikaziweka kundi la 3, yaani ushahidi hautoshi kusema zinasababisha saratani. Vumbi lake bado usilivute. Mimi nakwenda kuoga, kwa maji baridi kwanza, na nguo hizi nazifua peke yake.