CDLI: pa kuhakikisha habari za Wasumeri kabla ya kuzisambaza

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Kariakoo na Magomeni, na zaidi kwenye magrupu ya WhatsApp, habari za Anunaki (wanaodaiwa kutoka sayari nyingine), Nibiru (inayodaiwa kuwa sayari yao) na wafalme walioishi maelfu ya miaka huanza kwa maneno yale yale: "Vibao vya Wasumeri vinasema," yaani vibao vya udongo vya watu wa kale wa kusini mwa Iraki ya leo. Msimulizi hataji ni kibao kipi, kilichimbwa wapi, wala kinatunzwa na makumbusho gani. Msikilizaji naye hujiona hana pa kuanzia kuuliza, kwa kuwa vibao vyenyewe viko London, Berlin, Istanbul na Baghdad.

Pa kuanzia papo, na ni bure. CDLI, yaani Cuneiform Digital Library Initiative, ni hazina ya mtandaoni ya maandishi ya kikabari, yaani ya alama zenye umbo la kabari, yaliyochapwa kwenye udongo na kuchongwa kwenye mawe. Iliasisiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles wakishirikiana na Oxford na Taasisi ya Max Planck ya Historia ya Sayansi, Berlin. Ina kumbukumbu za vitu zaidi ya 300,000, na huhitaji kujisajili ili kusoma. Tunaipendekeza kwa yeyote mwenye simu janja, subira na Kiingereza cha kusomea, ila ajue mapema kwamba imetengenezwa kwa kazi ya utafiti. Anayetaka kusimuliwa hadithi atachoka dakika ya tano.

Kila kitu kilichoorodheshwa kina namba inayoanza na P ikifuatiwa na tarakimu sita. P ni kitu halisi kinachoshikika: kibao, tofali, jiwe. Namba zinazoanza na Q ni za matini iliyounganishwa na wataalamu kutoka nakala nyingi, mara nyingi zilizovunjika, na zinazoanza na S ni za mihuri. Tofauti hii ina uzito. Mtu akikuambia "kibao kinasema" kisha akakupa Q, ujue huenda hakuna kibao kimoja chenye maneno yote hayo. Ni kazi ya kuunganisha vipande, na kila kiungo kinaweza kubishaniwa.

Jaribu na P414985. Hiyo ni barua ya Nanni kwa Ea-nasir, mfanyabiashara wa shaba wa mji wa Uru, ya mnamo 1750 KK. Ukurasa wake unakupa namba ya makumbusho, BM 131236, yaani iko British Museum, mahali ilipotoka, kipindi cha Babeli ya Kale, aina ya andiko, barua, na lugha, Kiakadi, iliyotumika Babeli na Ashuru na ambayo si Kisumeri. Kibao chenyewe kina urefu wa sentimita 11.6 na upana wa sentimita 5, kinaenea kiganjani. Nanni analalamika kwamba ameletewa shaba mbovu na kwamba mjumbe wake alirudishwa kwa dharau, tena akiwa amepita nchi ya maadui. Mtu wa Kariakoo aliyewahi kutuma fedha akaletewa mzigo tofauti na sampuli atamwelewa bila kufasiriwa. Kwa maoni yetu barua hii ina uzito kuliko video kumi za siri za kale, kwa sababu ndani yake anaongea mtu halisi, ana jina, na ana hasira ya haki.

Unapotafuta kwa namba ya makumbusho, yapo mambo mawili yanayokwamisha wengi. La kwanza ni sifuri. Namba nyingi zimejazwa sifuri mbele ili zilingane urefu. Ramani maarufu ya dunia ya Wababeli, BM 92687, inaweza kuwa imeandikwa BM 092687. Ukikosa jibu kwa namna moja, jaribu nyingine kabla ya kusema haimo. La pili ni majina. Mungu yule yule ni Inana kwenye hazina moja na Inanna kwenye nyingine, na sauti ya "sh" huandikwa "sz" kwenye matini za CDLI. Hivyo shayiri, iliyotamkwa "she", utaikuta kama sze, na pombe ni kasz.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye tarakimu. Ukiona gu4, usisome ng'ombe wanne. Tarakimu iliyobandikwa mwishoni mwa neno inatofautisha alama zenye sauti moja, basi. Idadi hukaa mbele na ina mtindo wake: disz ni moja, u ni kumi, gesz2 ni sitini. Kwa hiyo 3(disz) gu4 ni ng'ombe watatu, na 2(u) 5(disz) udu ni kondoo 25. Herufi x inasimama badala ya alama isiyosomeka, mabano ya mraba yanaonyesha palipovunjika, na alama ya # inaonyesha herufi iliyoharibika kiasi. Mstari wenye mabano mengi na alama za kuuliza si mstari wa kujengea nadharia ya vyombo vya angani. Watafsiri wa mitandaoni huyaondoa mabano hayo, na msomaji anabaki akidhani yote yamesomwa wazi.

Picha ndizo hula bando. Picha nyingi za CDLI zimepangwa kwa umbo la msalaba: uso wa mbele juu, ukingo wa chini katikati, uso wa nyuma chini yake, na kingo nyingine pembeni. Mpangilio huo una sababu. Mwandishi wa kale alipofika mwisho wa uso wa mbele alikipindua kibao kutoka chini kwenda juu, hakukifungua ubavuni kama tunavyofungua ukurasa wa kitabu. Asiyelijua hili huona uso wa nyuma uko juu chini na kudhani wameupiga picha vibaya. Sehemu kubwa ya picha hizo zilitolewa kwa skana ya bapa, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo: mwanga wa skana hauleti kivuli cha kutosha, alama za kina kifupi hufifia, na kwenye udongo mweusi unaweza usione kitu. Kama kuna mchoro wa mistari, yaani alama zilizonakiliwa kwa mkono, anza na huo. Ni mwepisi kupakua, unasomeka kwenye kioo kidogo cha simu, na ukiupeleka steshenari wakuchapie kwenye karatasi ya A4 unatoka safi hata kwa mashine ya kawaida. Picha kubwa ziache mpaka uwe kwenye kompyuta yenye intaneti ya uhakika.

Tafsiri ni chache. Hili linawavunja moyo wengi, na ni haki yao kulijua kabla. Kumbukumbu nyingi zina maelezo ya msingi tu. Nyingine zina matini bila tafsiri. Tena ukitafuta bila kuchuja utazama kwenye stakabadhi za nasaba ya tatu ya wafalme wa Uru, 2112 hadi 2004 KK: kondoo wa Drehem, shayiri ya Umma, posho za vibarua wa Girsu. Posho hupimwa kwa sila, karibu lita moja, na sila 300 zinafanya guri moja. Usizidharau. Hawa ndio Wasumeri kama walivyojiandika wenyewe, na sehemu kubwa ya walichoandika ni hesabu. Ila kama unachotafuta ni hadithi za miungu, chuja kwa aina ya andiko, au hamia hazina ya pili.

Hazina hiyo ni ETCSL ya Chuo Kikuu cha Oxford: tungo karibu 400 za Kisumeri zenye tafsiri nzima ya Kiingereza. Haijaongezewa kitu tangu 2006 na sura yake ni ya zamani, lakini kurasa zake ni maandishi matupu, kwa hiyo hata bando la mwisho wa mwezi linatosha. Namba ikianza na t ni matini ya Kisumeri, ikianza na c ni tafsiri. Kwenye matini hizo herufi c ni "sh", na j ni "ng'" kama katika ng'ombe, sauti ambayo sisi tunaitamka bila taabu.

Fungua 2.1.1, Orodha ya Wafalme. Alulimu wa Eridu alitawala miaka 28,800, Alaljar 36,000, na wafalme wanane wa miji mitano kabla ya gharika wanafanya jumla ya miaka 241,200. Hapo ndipo msimulizi hudai kwamba hawa hawakuwa binadamu. Chukua kikokotoo. Wasumeri walihesabu kwa sitini, na kipimo chao kikubwa, sar, ni 60 mara 60, yaani 3,600. Basi 28,800 ni sar 8, 36,000 ni sar 10, na jumla yote ni sar 67 kamili. Wafalme wawili wa mwisho, wenye miaka 21,000 na 18,600, ndio pekee ambao hawatoi sar kamili. Namba za mviringo namna hii ni za mtunzi anayepanga enzi ya kale kwa hesabu ya mezani. Baada ya gharika zinashuka, hata Gilgamesh anapewa miaka 126.

Fungua pia 1.4.1, Inana anaposhuka kuzimu. Anavuliwa pambo moja katika kila mlango, milango saba, kisha Anuna saba wanamhukumu na anageuka maiti inayotundikwa kwenye ndoano. Hao Anuna ndio Anunaki wa video. Kwenye utenzi huu ni mahakimu wa kuzimu. Kwingine ni miungu wakuu wa mbinguni. Wachimba dhahabu waliotoka sayari nyingine hawamo.

Nibiru nayo imo kweli kwenye maandishi, na ni vyema kulikubali hilo. Katika utenzi wa uumbaji wa Babeli, kibao cha saba, ni nyota ya Marduk, mungu mkuu wa Babeli, na wanajimu wa kale waliihusisha na Mshtarii. Muhuri VA 243 wa Berlin, unaoonyeshwa kila mara kama picha ya Jua na sayari zake, una nyota iliyozungukwa na vidoti, lakini maandishi yaliyochongwa juu yake yanataja watu wawili, Dubsiga na Ili-illat, na utumishi wa mmoja wao. Hayataji sayari yoyote.

Kwa utenzi wa Gilgamesh wa Kiakadi tumia eBL, hazina ya mtandaoni ya Munich, iliyofunguliwa kwa umma 2023. Kipande cha gharika ni K 3375 kutoka maktaba ya Ashurbanipal, mfalme wa Ashuru, huko Ninawi, kile alichotangaza mtafiti George Smith mjini London tarehe 3 Desemba 1872. Njiwa, mbayuwayu na kunguru wamo.

Usitarajie CDLI ikusaidie kwa kila kitu cha kale. Kile chungu kinachoitwa betri ya Baghdad hakina maandishi, kwa hiyo si kazi yake. Maandishi ya picha ya Misri hayamo. Lakini kuna fumbo la kweli ndani yake ambalo wasimulizi wetu hawaligusi: vibao vya Kielami cha awali kutoka Susa, Iran, vya takriban 3100 hadi 2900 KK. Hadi leo lugha yake haijasomeka. Hesabu zake zinaeleweka, na inajulikana kwamba watu na mifugo walihesabiwa kwa makumi badala ya sitini, lakini majina ya wenye mali yamekaa kimya. Picha na michoro iko wazi kwa mtu yeyote, awe Tabata au Tehran, na mwanafunzi wa akiolojia wa Mlimani anaweza kuanza kuchambua alama zake leo hii.

Ukifika hatua ya kutaka maana ya neno moja moja la Kiakadi, pakua Kamusi ya Kiashuri ya Chicago, kazi iliyoanza 1921 na kukamilika 2011. Faili zake za PDF ni bure ila nzito, na zimegawanywa kwa herufi, kwa hiyo chukua juzuu unayoihitaji tu. Herufi Š pekee ina vitabu vitatu. Angalia kwanza neno lako linaangukia kipi.