Peponi: tazama nani anamwita nani vipi

Peponi ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah, ya mwaka 1994, kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis. Mkuki na Nyota waliichapa 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi, mzaliwa wa Unguja, kupata Nobel. Ukitaraji Mji Mkongwe utaukosa: mambo yako Mrima na bara, Mjerumani ndio anaingia. Watu wake lakini tunawajua.

Kinachoendesha riwaya hii ni deni lililovishwa udugu. Yusuf, miaka 12, anachukuliwa kwao kwa deni la baba yake na Aziz, tajiri ambaye kila akija kuwatembelea humpa sarafu ya anna kumi. Kijana amekuzwa akimhesabu jamaa. Kufika dukani kwa Aziz, Khalil, kijana anayeuza duka hilo, anamkata kauli: huyu si wa kwenu, mwite Seyyid. Tangu hapo soma ukitazama nani anamwita nani vipi. Khalil mwenyewe kamtania Yusuf kwa jina la kifaurongo, neno ambalo Gurnah aliliacha kwa Kiswahili hata katika Kiingereza chake. Msomaji wa London ataelezwa. Wa Makunduchi au Wete ameshaukanyaga mmea huo njiani na kuuona ukifumba majani. Masihara, lakini ndiyo tabia ya Yusuf kurasa nyingi: akiguswa, hujikunja.

Sehemu ziko sita. Wengi hukwama ya tatu na ya nne, safari ya bara, kwa wingi wa majina. Washike watatu: mnyapara Mohammed Abdalla, Simba Mwene, na sultani Chatu, wapagazi waache wapite. Usiziruke tu, maana humo ndimo unamwona Aziz akila hasara, na bila ya hasara ile nyumba utakayoirudia haieleweki.

Utamu uko sehemu ya tano. Bibi wa nyumba, mke mkubwa wa Aziz, ana baka usoni na anaamini Yusuf akimgusa atapona. Anasema Kiarabu, Khalil anafasiri. Kurasa zile zisome mara mbili: kwanza umsikilize bibi, kisha umtazame mkalimani, namna anavyobabaika na maneno yasiyokuwa yake.

Halafu Amina. Anahesabiwa dada yake Khalil, ila damu si moja: aliibwa utotoni, baba yake Khalil akamwokoa na kumlea. Wote wawili wakatolewa kwa Aziz kwa deni la mzee, na msichana alipokua Aziz akamwoa. Deni limekwisha, Khalil yuko huru kuondoka, na haondoki. Ni shemeji wa Seyyid anayeuza duka la Seyyid na kulala barazani kwa Seyyid. Sijaona riwaya nyengine iliyofunga fundo la namna hii kwa maneno machache hivi. Machache mno, hasa ya Amina. Anaposhika usemi kitabu kinapaa, na mara anapokonywa. Hilo ndilo lawama langu kubwa.

Aliyesoma Sura Yusuf ataitambua kanzu ya Yusuf iliyochanwa kwa nyuma bibi alipomvuta, aya ya 25 hadi 28. Ujuzi huo unasaidia na unaponza. Unaponza kwa sababu msomaji humhukumu bibi mapema, kwa kuwa kitabuni anaitwa Zulekha, jina ambalo Qur'ani yenyewe haikulitaja na limekuja na visa na tafsiri. Msikilize kwanza maradhi yake. Na Yusuf huyu, si kama yule wa Sura, usimngojee mfalme wa kumtoa kifungoni.

Mwisho umekuja ghafla, mistari michache tu, na ndio unaogombanisha watu barazani. Kabla hujamlaumu kijana kwa alilolifanya, rudi kwa Mzee Hamdani, mtunza bustani, pale anapoeleza kwa nini alipopewa uhuru aliukataa.