Lukenya au Hell's Gate kwa mkwea miamba?
Kwa anayeanza kukwea miamba nchini Kenya, napendekeza Lukenya bila kusita. Iko kando ya barabara ya Mombasa, kupita Athi River, na mwamba wake ni mgumu, unashika kiatu vizuri. Hofu kubwa ni nyuki: ukiwaona wametanda kwenye ufa, shuka, hata kama njia ni mpya na unaitamani sana.

Hell's Gate, karibu na Naivasha, ni hifadhi ya taifa, kwa hiyo kuna kiingilio. Mnara wa Fischer, nguzo ya mwamba ya mita 25 hivi, unapendwa na wengi. Kuta ndefu ni za wazoefu. Mawe hulegea, kofia ngumu ni lazima. Na korongoni usiingie mvua ikinyesha: mafuriko ya Septemba 2019 yaliua watu 7.