Dawati la jinsia au taasisi ya kinga?

Tanzania ina Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi. Mama aliyepigwa anasikilizwa faragha, anapewa PF3, fomu ya polisi ya matibabu, aende hospitali, jalada linafunguliwa. Askari wa dawati hutoa elimu mashuleni pia, ila kazi kubwa huanza mtu akishaumizwa.

Jimbo la Victoria, Australia, lilienda mbali zaidi. Tume ya kifalme, yaani tume rasmi ya uchunguzi, kuhusu ukatili wa kifamilia ilitoa mapendekezo 227 mwaka 2016, na sheria ya 2018 ikaunda Respect Victoria, taasisi ya umma ya kuzuia ukatili kabla haujatokea: utafiti, kampeni, ushauri kwa serikali.

Ningeulizwa, ningeunda taasisi kama hiyo Tanzania bila kugusa dawati, na fungu lake liwe peke yake. Kapu likiwa moja, majeruhi wa leo watalimaliza, na ni haki yao.