Altaneta ya Ampea 160 Iliyoshindwa na ya 90

Habari zenu, karibuni tena. Hapa mezani leo kuna altaneta mbili, zile mashine zinazozungushwa na injini kuzalisha umeme wa gari. Hii nyeusi imeandikwa ampea 90, yaani kiasi cha mkondo wa umeme inachoweza kutoa. Hii nyingine, inayong'aa kama sufuria mpya, imeandikwa 160. Matundu ya bolti ni yale yale, plagi ile ile, zote zinaingia kwenye gari langu bila kukata chuma. Ukiambiwa chagua, najua mkono wako utakwenda wapi. Wangu ulikwenda huko huko, na miezi miwili imenifundisha adabu.

Usiku mmoja niko kwenye foleni, mvua inanyesha, taa zinafifia kila nikisimama. Nikikanyaga mafuta zinapanda. Altaneta mpya kabisa! Nikasema belti inateleza, nikaikaza, wapi. Basi nikafunga mita ya kubana, ile inayopima ampea kwa kuukumbatia waya tu, kwenye ule waya mnene unaotoka altaneta kwenda kwenye betri, nikawasha kila kitu. Injini ikinguruma tu, sijakanyaga mafuta, 160 yetu ilikuwa inatoa ampea 38. Nikairudisha ya 90, nikapima vile vile: 52.

Umeona? Sasa tazama hapa ndani, nimezifungua zote. Angalia shaba ya koili. Kwenye hii ya 160 waya ni mnene lakini umezungushwa mara chache. Kwenye ya 90 ni mwembamba, mizunguko mingi. Waya mnene unapitisha umeme mwingi altaneta ikikimbia, lakini ikienda polepole mizunguko hiyo michache haizalishi volti za kutosha. Namba kubwa ya kwenye kibandiko kwa kawaida hupatikana altaneta ikizunguka mara 6,000 kwa dakika. Injini ikiwa imetulia kwenye 800, na pulii, lile gurudumu la belti, inazidisha kama mara mbili na nusu, altaneta inapata 2,000 tu. Na foleni ndiko tunakoishi wengi wetu.

Kwa hiyo tafuta bamba lenye namba mbili. Hili la nyeusi limeandikwa 14V 50/90A. Hamsini ni ya mzunguko mdogo, tisini ya mzunguko mkubwa. Muuzaji akikutajia moja tu, muulize ya pili. Akianza kucheka, ondoka.

Sio kwamba altaneta kubwa zote ni hivi, la hasha. Zipo zilizosukwa vizuri zinazotoa nyingi juu na chini, ila hizo huwa hazifichi namba ya chini.

Haya, wewe unahitaji ngapi? Piga hesabu ya usiku mbaya kuliko yote. Pampu ya mafuta, plagi za cheche na kompyuta ya injini, weka ampea 15. Taa kubwa mbili za wati 55 ni ampea 8, na zile ndogo zote, iwe 10. Feni ya rejeta 15, feni ya kiyoyozi 15, waipa 5. Hapo ni 60, redio haijaimba. Altaneta ikitoa 38, hizo 22 zinazopungua zinatoka kwenye betri. Betri ya saa-ampea 60 itavumilia saa moja, ya pili inaanza kulia.

Wenye muziki mkubwa, amplifaya ya wati 1,000 za kweli inaweza kuvuta ampea 90 ukiifungulia mpaka mwisho. Lakini wimbo haupigi besi muda wote, kwa hiyo mimi huhesabu theluthi yake, kama 30. Hapo ndipo kubwa inapokuwa na maana.

Kuna wanaoogopa kwamba altaneta kubwa itaunguza betri. Hapana. Kidhibiti kinashikilia volti kwenye 14 hivi, na vifaa vinavuta kiasi vinachohitaji tu. Kinachoungua ni waya. Ukiweka ya 160, vifaa vikavuta nyingi, nawe umeacha waya uliotengenezewa ya 80, utaunusa kabla hujauona. Badilisha waya wa kwenda betri, fyuzi yake, na ule wa bodi, unaorudisha umeme kwenye betri, unaosahaulika kila siku. Na kama altaneta yako inaongozwa na kompyuta ya gari, plagi kuingia tu haitoshi, lazima ielewane na kompyuta hiyo.

Kwa gari la kawaida lisilo na muziki mzito, mimi nachukua hii nyeusi bila kufikiri mara mbili, nawe ukipata yenye namba ya chini 60, ndiyo hiyo hiyo. Hii inayong'aa naipa nafasi ya mwisho: nimeagiza pulii ndogo kidogo ili izunguke haraka zaidi. Wasiwasi wangu ni barabara kuu, isije ikapitiliza kasi beringi zikalia. Ikifika naifunga, mita iko mkononi.